Barua ya wazi kwa mnaoshika funguo za maghala ya mifupa

Kwa: Wakurugenzi wa majumba ya makumbusho na wakuu wa idara za akiolojia katika vyuo vikuu vya Marekani
Yah: Mliyoyatoa katika vijiji vya kale vya Wapueblo

Waheshimiwa,

Naandika kwa Kiswahili, lugha ambayo wengi wenu hamuisomi. Taasisi zilizomudu kusafirisha mifupa ya watu karibu 2,000 kutoka New Mexico hadi Massachusetts hazitashindwa kumlipa mkalimani kwa kurasa chache. Wasomaji wangu wengine, walioko Moshi, Songea, Mombasa na Bukavu, hawamhitaji, na jambo hili linawagusa kuliko wanavyodhani. Nitafika huko.

Mimi ni Mtanzania niishiye New Mexico. Si mwanaakiolojia, wala sisemi kwa niaba ya Wapueblo, wenyeji asilia wa kusini-magharibi ya Marekani. Wao wana jumuiya 19 katika jimbo hili, wana ndugu zao Wahopi kule Arizona na wengine wa Ysleta del Sur huko Texas, wana magavana wao na mabaraza yao, nao wamesema mengi kwa miaka mingi. Mimi nasema kama mtu ambaye kwao pia mafuvu yalichukuliwa.

Ombi langu ni moja. Msifungue shimo jipya katika kijiji chochote cha kale cha Wapueblo kabla hamjamaliza hesabu ya mashimo ya zamani. Nikisema hesabu sina maana ya orodha ya namba za makabati. Nina maana kwamba kila mtu aliyetolewa ardhini ijulikane alitolewa wapi hasa, alizikwa na nini, wazawa wake waambiwe, kisha waamue wao.

Nawapa mfano wa Pecos, kwa sababu ndio uchimbaji mnaojivunia zaidi. Kijiji hicho kiko mashariki ya Santa Fe, karibu na njia ya mlimani iitwayo Glorieta, mahali ambapo wakulima wa bonde la Rio Grande walikutana na wawindaji wa nyati kutoka nyika za mashariki. Mahindi na vyungu vilitoka upande mmoja, ngozi na nyama kavu upande wa pili. Wahispania walipofika mwaka 1540 walikuta majumba ya ghorofa nne hadi tano yakizunguka uwanja, na watu wapatao 2,000. Baadaye likajengwa kanisa kubwa la matofali ya udongo. Mwaka 1680 Wapueblo waliungana, wakawatimua Wahispania kwa miaka 12, na kanisa la Pecos likabomolewa. Katika magofu ya nyumba ya mapadri watu wakachimba kiva, kile chumba chao cha ibada kinachokaa chini ya ardhi. Kisha yakaja maradhi, yakaja mashambulizi ya Wakomanchi, watu wakapungua. Mwaka 1838 waliobaki, kundi dogo tu, walifunga mizigo wakahamia Jemez, ng'ambo ya Rio Grande, kwa ndugu zao wanaosema lugha ileile ya Kitowa.

Walihama, hawakutoweka. Naomba mlishike hilo, kwa sababu vitabu vingi vya shule vimeandika kana kwamba kijiji kiliachwa kikabaki mali ya upepo. Mwaka 1936 Bunge la Marekani lenyewe lilipitisha sheria ya kuwaunganisha watu wa Pecos na wa Jemez kuwa jumuiya moja. Na mwanaakiolojia Alfred Kidder alipoanza kuchimba Pecos mwaka 1915, kwa fedha za shule ya Phillips ya Andover, mzee Agustín Pecos, aliyezaliwa kijijini humo, alikuwa bado yu hai huko Jemez. Alifariki mwaka 1919. Majembe yalikuwa yakiingia katika udongo wa kwao huku yeye akipumua.

Kidder hakuwa mwizi wa makaburi. Nalisema mapema ili nisieleweke vibaya. Alikuwa makini kuliko waliomtangulia, na wazo lake lilikuwa zuri: jalala la kijiji kilichokaliwa karne nyingi limejipanga lenyewe kwa tabaka, la zamani chini, la karibuni juu, hivyo anayechimba kwa subira ataona jinsi vyungu vilivyobadilika kizazi baada ya kizazi. Kutokana na kazi hiyo, mwaka 1927 aliwakusanya wenzake palepale Pecos wakakubaliana mpangilio wa vipindi vya historia ya eneo lote la kusini-magharibi, nao unatumika hadi leo. Nani atabeza hilo?

Lakini ndani ya jalala lile walikuwemo watu. Udongo wake ni laini, uko mlangoni pa nyumba, na wazee wa Pecos walilaza wafu wao humo. Kidder mwenyewe ameeleza kwamba mwanzoni aliahidi vibarua senti 25 kwa kila mifupa ya mtu watakayoiona. Ilionekana mingi kwa haraka mno hata zawadi ikapunguzwa, kisha ikafutwa, maana ingemfilisi. Hakuna aliyesimama akauliza: tukikuta wengi hivi, je, tumeingia makaburini? Uchimbaji uliendelea, kwa misimu yenye mapumziko katikati, hadi 1929.

Kilichofuata ndicho kinachonikera zaidi, kuliko hata kuchimba kwenyewe. Mifupa ilipelekwa jumba la Peabody la Chuo Kikuu cha Harvard, mjini Cambridge. Vyungu, viko vya tumbaku na vitu vingine vilivyozikwa pamoja na watu hao vilikwenda Andover, kwenye jumba la makumbusho la shule iliyotoa fedha. Waligawanywa kama nyama ya sadaka, huku kichwa, kule utumbo. Mama aliyezikwa na chungu chake alikuwa mji mmoja, chungu mji mwingine, na kumbukumbu za kuwaunganisha zikiwa zimetawanyika katika madaftari ya shambani, kadi na vitabu vya orodha. Kwa hiyo watu wa Jemez walipodai wazee wao, kazi haikuwa kufungua mlango na kupakia lori. Ilibidi miaka ipite katika kusoma kadi moja moja kuona namba hii ya fuvu inalingana na namba ipi ya chungu.

Huko Harvard, mwanaanthropolojia Earnest Hooton aliyapima mafuvu hayo na mwaka 1930 akatoa kitabu kinene. Aliyagawa kwa "aina" alizozibuni kwa macho na kwa kipimo, na mojawapo akaipa jina la kulifananisha kundi hilo na watu weusi. Yaani sisi wa ng'ambo ya bahari tulitiwa katika makaburi ya Pecos bila kualikwa, na Wapecos wakatiwa katika hadithi za rangi ambazo hawakuwahi kuzisikia. Mgawanyo huo leo hautetewi na yeyote mwenye akili. Baadaye mifupa ileile ilitumika kwa tafiti zenye manufaa kweli, kama zile za namna mfupa wa paja unavyobadilika kadiri mtu anavyozeeka, nazo zilisaidia kuelewa kudhoofika kwa mifupa uzeeni. Nakubali. Ila katika miaka yote hiyo hapakuwa na barua moja ya kuomba ruhusa Jemez, ilhali Jemez ilikuwa na anwani.

Tarehe 22 Mei 1999 walirudi. Watu wa Jemez walitembea kwa miguu zaidi ya kilomita 100 kwenda kuwapokea, lori likafika kutoka Massachusetts, na wote wakazikwa ndani ya hifadhi ya Pecos, mahali pasipotangazwa. Kidder naye, aliyefariki mwaka 1963, amezikwa pamoja na mkewe kwenye mteremko jirani na magofu hayo. Kaburi lake halijaguswa na mtu, na ndivyo inavyopasa.

Mtasema Pecos yamekwisha. Kwa Pecos, sawa. Lakini sheria iliyowezesha hayo, ile ya ulinzi na urejeshaji wa makaburi ya wenyeji, ilitiwa saini mwezi Novemba 1990, na iliwapa miaka mitano tu kutengeneza orodha. Mwanzoni mwa 2023, zaidi ya miaka 30 baadaye, waandishi wa habari waliohesabu walikuta masalia ya watu zaidi ya 110,000 bado yamo maghalani nchini kote. Mlango wa kutokea mliupata katika kifungu kilichoruhusu kuandika kwamba masalia "hayatambuliki ni ya jumuiya ipi". Ukishaandika hivyo, unakaa nayo. Na anayeamua kama yanatambulika ni nani? Ni yuleyule anayeyashikilia. Asiyekuwepo na lake halipo, nao Wapueblo hawakuwepo mezani.

Chaco, bonde la magofu ya kale ya Wapueblo huko New Mexico, ni mfano unaouma. Katika jumba kuu la Pueblo Bonito, mwaka 1896, timu ya George Pepper na Richard Wetherill ilifungua chumba kidogo kinachojulikana leo kama chumba namba 33. Walikuta watu 14 na maelfu ya shanga na vipande vya feruzi. Vyote vikaenda jumba la historia ya asili la New York. Miaka mia na ishirini baadaye watafiti walichukua sampuli za vinasaba kutoka kwa watu hao, na mwaka 2017 wakatangaza kwamba walikuwa ukoo mmoja uliofuata upande wa mama kwa zaidi ya miaka 300. Jumuiya za Pueblo hazikushirikishwa. Hoja ilikuwa ileile: hawatambuliki ni wa nani. Sasa basi, Wahopi na Wazuni wanahesabu ukoo kwa mama hadi hii leo. Mngewauliza mkiwa mmeketi nao kwa chakula, wangewaeleza, na mifupa isingetobolewa.

Hapa ndipo nilipoahidi kufika. Jumba hilohilo la New York, mwaka 1924, liliupata mkusanyiko binafsi wa maelfu ya mafuvu wa Felix von Luschan wa Berlin, mtu aliyekuwa akipokea mafuvu kutoka makoloni ya Ujerumani, Afrika ikiwamo. Ni von Luschan huyu ambaye inaaminika alipelekewa kichwa cha Mangi Meli wa Old Moshi, aliyenyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900. Kichwa hicho bado kinatafutwa. Kule Berlin kwenyewe, mafuvu zaidi ya 1,100 ya Afrika Mashariki, mengi ya Rwanda, mengine ya Tanzania na machache ya Kenya, yamechunguzwa miaka ya karibuni, na mwaka 2023 vinasaba vikawaunganisha baadhi yao na familia za Kichaga zilizo hai. Rais wa Ujerumani alikwenda Songea Novemba mwaka huo akaomba msamaha mbele ya wajukuu wa Nduna Songea Mbano, ambaye kichwa chake nacho hakijapatikana. Kwa hiyo Mchaga na Mpueblo, wasiojuana, wamewahi kuwa na wazee chini ya paa moja au kwa mikono ya walewale. Mkishangaa kwa nini Mswahili anaingilia mambo ya New Mexico, jibu ni hilo.

Nawapa haki yenu pia. Oktoba 2023 mkuu wa jumba hilo la New York alisema wazi kwamba lina masalia ya watu wapatao 12,000, akaagiza yote yaondolewe kwenye maonyesho. Kanuni mpya zilizoanza kutumika tarehe 12 Januari 2024 zimefuta ule mlango wa "hayatambuliki", zimewalazimu kuheshimu maarifa ya wenyeji, na zimewataka mpate idhini kabla ya kuonyesha au kuchunguza chochote. Mmepewa miaka mitano ya kukamilisha orodha, yaani hadi mapema 2029. Mwezi ule wa kwanza kumbi zilifungwa, makabati yakafunikwa vitambaa. Vizuri. Ila kufunika kabati si kurejesha, na nimewahi kuona nyumbani kwetu jinsi ofisi inavyoweza kufunika faili kwa miaka.

Wala msitwambie kwamba mkishirikisha wenyeji sayansi itakufa. Picuris, jumuiya ya watu mia chache kaskazini mwa New Mexico, ndiyo iliyowatafuta wataalamu wa vinasaba kwa sababu ilitaka kujua. Baraza lao lilikuwa na uwezo wa kusimamisha kazi wakati wowote. Walichunguzwa watu 16 wa kale na watu 13 walio hai, na mwaka 2025 matokeo yakachapishwa katika jarida la Nature, wana-Picuris wakiwa miongoni mwa waandishi. Yalionyesha nasaba kati yao na watu waliozikwa Pueblo Bonito, jambo ambalo wazee wao walikuwa wakilisimulia siku zote. Linganisheni na chumba namba 33. Kazi ni ya aina ileile, kifaa ni kilekile, tofauti ni nani aliyegonga mlango wa nani.

Wala msiseme njia ni ndefu. Mwaka 1891 kijana Msweden, Gustaf Nordenskiöld, alichimba majumba ya mwambani ya Wapueblo wa kale huko Mesa Verde, Colorado, akapakia mabehewa. Walimkamata Durango, wakamwachia kwa sababu hapakuwa na sheria aliyoivunja. Kisa hicho ni kimojawapo cha vilivyochochea sheria ya mambo ya kale ya 1906. Mkusanyiko wake uliishia Finland. Mwaka 2020 Finland ilirudisha masalia ya watu 20 na vitu 28 vilivyozikwa nao, wakarudishwa ardhini Mesa Verde. Kama wamevuka Atlantiki kurudi, kutoka Cambridge au Chicago hadi Rio Grande kuna kikwazo gani?

Sasa nataja ninachokitaka, kwa kina kidogo, maana "tunathamini ushirikiano" nimeisoma katika kurasa zenu mara nyingi.

Anzeni na madaftari. Mifupa bila daftari la mchimbaji ni mtu asiye na jina la kijiji. Mengi ya madaftari hayo, ramani na picha za uchimbaji wa kabla ya vita vya pili yako katika taasisi tofauti na ile yenye mifupa, kama ilivyokuwa Pecos. Yaleteni pamoja, myatie kwenye picha za kidijiti, na nakala ya kwanza wapewe jumuiya husika, si watafiti. Nakala hizo zisiwekwe hadharani mpaka jumuiya ziseme zipi zinafaa kuonwa na nani. Kuna picha za maiti humo, na kuna michoro ya mahali pa ibada ambayo hata kijana wa Pueblo mwenyewe hatakiwi kuiona kabla ya wakati wake. Kuchapa kila kitu kwenye intaneti kwa jina la uwazi kutakuwa ni kuwachimbua mara ya pili.

Kisha semeni ukweli kuhusu sumu. Kwa miongo mingi vitu vya ghalani, hasa vya ngozi, manyoya na mbao, vilipakwa aseniki na zebaki visiliwe na wadudu. Jumuiya zinaporudishiwa kitu cha ibada zinakirudisha mikononi, zinakicheza, zinakivaa. Kukirudisha bila kukipima na bila karatasi inayosema kilipakwa nini ni kumrudishia mtu maradhi. Gharama ya vipimo ni yenu.

Gharama nyingine nazo ni zenu. Ofisi ya urithi ya jumuiya moja ya Pueblo huwa na watu wachache, na kila wiki inapokea barua kutoka taasisi mbalimbali, kila moja ikitaka majibu kwa tarehe yake na kwa fomu yake. Mnawapa kazi ya kusafisha vurugu ambayo si wao walioianzisha. Lipeni nauli za wazee, lipeni siku zao, lipeni ardhi ya kuzikia pale ambapo kijiji cha asili kimekuwa shamba la mtu au barabara. Dawa ya deni kulipa.

Na uchimbaji mpya? Najua kwamba siku hizi sehemu kubwa yake hufanywa kwa mkataba, kabla ya barabara au bomba la gesi kupita, na hapo wanaakiolojia wanasema ni afadhali wao kuliko tingatinga. Ni kweli. Swali ni kwa nini bomba lipite hapo. Ripoti yenu isianze na namna ya kuhamisha makaburi. Ianze na ramani ya kuyakwepa. Kwa madarasa ya wanafunzi ya kiangazi sina huruma hiyo. Mwanafunzi anaweza kujifunza kazi kwa rada ya kupima chini ya ardhi, kwa kusoma vigae vilivyojaa magunia yasiyofunguliwa tangu vilipochimbwa, kwa kuhesabu pete za miti. Boriti moja iliyoungua ikiunganishwa na nyingine ndiyo iliyomwezesha A. E. Douglass mwaka 1929 kuhesabu miaka ya majumba haya, na boriti haikuwa mzazi wa mtu. Pale ambapo jumuiya yenyewe inataka kuchimba, kama Picuris ilivyotaka kuchunguza, chimbeni nayo, kwa maandishi, ikiwa na haki ya kusema basi.

Yapo pia mashamba binafsi. Sheria ya 1990 inabana serikali na wanaopokea fedha zake. Mwenye shamba anayepata kuta za Pueblo ndani ya uzio wake ana uhuru ambao ungewashangaza wengi, na vyungu vilivyotoka huko vinauzwa mnadani. Nanyi mnavinunua, au mnavipokea kama zawadi kutoka kwa walionunua, mkimpa mtoaji cheti cha kupunguziwa kodi. Kataeni. Bunge linaweza kuchelewa kubadili sheria, lakini bodi ya makumbusho inaweza kubadili kanuni yake katika kikao kimoja cha asubuhi.

Naomba majibu yenu yawe na vitu vitatu: idadi ya watu kutoka vijiji vya Wapueblo mlio nao hadi leo, majina ya vijiji walikotolewa, na tarehe mliyokutana mara ya mwisho na wazawa wao. Taasisi isiyoweza kujaza safu ya tatu isiombe kibali cha kuchimba msimu ujao. Na jumba la New York lina swali la ziada, ambalo nalileta kwa niaba yangu mwenyewe: katika mafuvu yaliyoingia mwaka 1924, mangapi yalitoka Kilimanjaro, na familia zipi zimekwisha kuandikiwa?

Wenu,
Mtanzania mkazi wa Albuquerque